Homu sinema inayoimba kwa tumbo

Mdogo wangu anayekaa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, alinipigia simu Jumapili moja jioni, sauti yake kama ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Wiki hiyo alikuwa amenunua homu sinema, ile ambayo wengine wanaiita homu thieta: spika tano zisizozidi urefu wa kiganja, sabufa yenye ukubwa wa kreti ya bia ya Simba, na juu ya katoni, kwa maandishi ya dhahabu, wati 1000. Filamu za vita zilitetemesha madirisha, watoto wakashangilia. Baada ya misa akaweka rumba yake ya zamani, na furaha ikaishia hapo.

“Yaya,” akaniambia, kama tunavyomwita mkubwa wetu, “hii kintu inaimba na tumbo. Kinywa iko wapi?”

Nimekaa na mafundi wengi wa Lubumbashi, na sijamsikia hata mmoja aliyeueleza ugonjwa huu vizuri kuliko yeye. Haya ninayoandika ni jibu refu la swali lake. Jibu fupi, lile la “nunua kubwa zaidi”, ndilo linalowamalizia watu mshahara.

Tuanze na chombo chenyewe. Zile namba 5.1 za homu sinema maana yake ni njia tano za sauti ya kawaida, na ile “nukta moja” ni njia ya mngurumo peke yake. Mbele kuna kushoto, kati na kulia, na nyuma kuna mbili za kukuzunguka. Katika filamu, maneno mengi ya waigizaji hupita kwenye spika ya kati, ili hata aliyebanwa pembeni ya kochi asikie mdomo ukisemea kwenye skrini. Za nyuma hupewa mvua, helikopta na nyayo za mwizi. Sabufa hupewa mabomu. Kwa filamu mgawanyo huo una akili sana.

Muziki hauna habari nao. Rumba, injili, karindula, wimbo wowote uliomo kwenye CD au faili ya kawaida ya simu, una njia mbili tu, kushoto na kulia. Kwa hiyo kati ya spika zile tano, tatu umezilipia na hazina kazi unaposikiliza muziki. Mbaya zaidi ni pale mashine inapozitafutia kazi kwa nguvu: ukibonyeza kitufe cha “ukumbi” au “uwanja wa mpira”, inachukua wimbo wa njia mbili, inaukatakata, inaongeza mwangwi wa bandia na kuurusha pande zote. Mara ya kwanza unashangaa. Mara ya tatu kichwa kinauma.

Kichekesho ni kwamba, kwa jinsi inavyosimuliwa, stereo yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya sinema. Alan Blumlein, mhandisi wa EMI huko Uingereza, alikuwa ametazama filamu na mkewe, akakerwa kuona mwigizaji anatembea upande mmoja wa skrini huku sauti yake imebaki upande mwingine. Desemba 1931 aliomba hataza ya mfumo wa njia mbili. Ujanja wake ulitegemea masikio yetu. Sauti ikifika kwenye masikio yote mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa, ubongo unaiweka katikati, hata kama pale katikati hakuna kitu ila ukuta. Ikiwahi sikio moja kwa sehemu ndogo tu ya elfu moja ya sekunde, ubongo unaisogeza upande huo. Stereo nzuri, basi, ni mazingaombwe: unaziona spika mbili, lakini masikio yanakwambia mwimbaji amesimama hapa, gitaa la solo pale, na tumba nyuma kidogo.

Mtu ataniuliza kuhusu rumba za kale. Bendi ya African Jazz ya Kabasele ilianza 1953 na ile ya OK Jazz 1956, na santuri za stereo zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, gitaa na sauti viliingia kwenye njia moja. Je, kwa rekodi kama hizo spika mbili zina faida gani? Zina faida, na tena mimi huzitumia kama kipimo. Kitu kilekile kabisa kinatoka kushoto na kulia, kwa hiyo mwimbaji anapaswa kuonekana katikati barabara, mwembamba kama mtu aliyesimama mlangoni. Akitapakaa ukutani kama maji yaliyomwagika, kuna kosa nyumbani kwako, na kosa hilo halihusiani na pesa.

Mpaka unaomkata mtu kifuani

Sasa tumbo na kinywa. Sauti hupimwa kwa hezi, yaani mitetemo kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatetema kama mara 41 kwa sekunde. Ule wa gitaa la kawaida, mara 82. Mwanaume akizungumza, msingi wa sauti yake huwa takriban kati ya hezi 85 na 180, na wa mwanamke kati ya 165 na 255.

Spika yenye koni, yaani ile sahani inayotetema, ya sentimita saba haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti nzito. Kila hezi zinaposhuka nusu, koni inabidi iende mbele na kurudi nyuma mara nne zaidi ili ukubwa wa sauti ubaki uleule. Koni ndogo ingeruka kutoka kwenye kikapu chake. Mtengenezaji anajua hilo, kwa hiyo anachora mpaka: kila kilicho chini ya hezi 150, hata 200 kwa zile ndogo kabisa, kipelekwe kwa sabufa.

Angalia mpaka huo unapita wapi. Unapita katikati ya sauti ya mwanaume. Kifua chake kinabaki kwenye sabufa iliyofichwa pembeni ya kabati, ulimi na meno yake vinatoka kwenye kispika kilichopigiliwa ukutani. Mtu mmoja ametandazwa saloni nzima, yaani sebule yote. Na katikati ya hayo mawili, pale palipo na joto la sauti, pale gitaa la mi-solo, lile la kati ya solo na la kusindikiza, linapotembea, kuna pengo, kwa kuwa kispika kimeshachoka na sabufa bado haijaamka vizuri. Katika vyombo vya maana mpaka huwekwa karibu na hezi 80, kwa sababu chini ya hapo sikio linatambua kwa shida sauti inatoka upande gani. Juu ya hapo sabufa inaanza kujitaja: unajua kabisa besi inapokaa.

Wati za katoni

Kuhusu wati 1000, sitapoteza muda mwingi. Geuza mashine, soma kibati cha nyuma. Cha mdogo wangu kiliandikwa kwamba inakula wati 90 kutoka ukutani. Kinachokula 90 hakiwezi kutoa 1000 kwa mfululizo, kama vile debe la maji halijazi pipa. Namba ya katoni hupatikana kwa kuhesabu vilele vya nukta ya sekunde, kwa kukubali mkwaruzo wa asilimia 10, kisha kujumlisha spika zote sita.

La muhimu zaidi ni kwamba wati zenyewe zinasaidia kidogo kuliko tunavyodhani. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo mtu anayepiga gumzo hataigundua. Ili sikio liseme “sasa sauti imekuwa mara mbili”, unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa upande mwingine, spika nzuri ya kawaida inayotoa desibeli 88 kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake, inakupa kelele ya kutosha kukatiza mazungumzo kwa wati hiyo moja. Saloni zetu nyingi zinasikiliza wati mbili, tatu. Anayetafuta ampli, yaani kikuza sauti, ya wati 20 za kweli na spika zinazoitikia vizuri yuko karibu na muziki kuliko anayebeba katoni ya dhahabu.

Kabla ya kutoa hata faranga

Nilikwenda Katuba Jumamosi iliyofuata. Saloni ni mita nne kwa nne, vigae chini, ukuta wa simenti uliopakwa rangi ya mafuta, vioo upande mmoja, dari ya plywood. Spika mbili za mbele zilikuwa zimepigiliwa juu karibu na dari, moja juu ya mlango, nyingine juu ya dirisha, kila moja ikitazama kwake. Nikapiga kofi moja katikati ya chumba. Kofi likajibu kwa mlio mkali wa haraka, kama unyoya wa chuma. Hapo nusu ya maradhi nilikuwa nimeshayasikia.

Kitu cha kwanza kilikuwa kubonyeza kitufe cha njia mbili kwenye telekomandi, yaani rimoti, na kuzima mapambo yote. Za nyuma na ya kati zikanyamaza. Mdogo wangu akaniangalia kama mtu anayeona nusu ya mali yake ikitupwa.

Cha pili, tukazishusha zile mbili za mbele, tukaziweka juu ya viti viwili, kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, sentimita 40 kutoka ukutani, zikiwa zimeachana mita mbili, na kochi nalo mita mbili kutoka kila moja. Pembetatu yenye pande sawa. Watu wengi wanafikiri hili ni pambo la wataalamu, kumbe ndilo lililobeba kila kitu: ukiwa karibu na spika moja kuliko nyingine, ile iliyo karibu inakuwahi, na ubongo unamhamishia mwimbaji huko. Mita moja ni karibu sehemu tatu kati ya elfu moja za sekunde, na sikio linazihesabu.

Tukaweka rekodi ya gitaa moja na sauti moja. Bado mwimbaji hakuwa na mahali. Alikuwa kila pembe, kana kwamba anaimba ndani ya pipa, na ukigeuza kichwa anahama. Besi nayo ilikuwa nyembamba ajabu. Nilijua dawa, ila nilitaka aione mwenyewe. Nilichomoa waya za spika ya kulia nyuma ya mashine, nikachukua betri ndogo ya voti 1.5, ile ya telekomandi, nikagusisha waya mwekundu kwenye ncha ya kujumlisha na mweusi kwenye ya kutoa. Koni ikaruka ndani, taa ya simu ikituonyesha. Tukafanya hivyo kwa ile ya kushoto. Ikaruka nje.

Aliyefunga alikuwa amepindua waya mmoja. Spika moja ikisukuma hewa, nyingine inaivuta, na sauti nzito zikikutana katikati ya chumba zinauana. Tukageuza waya, tukaweka wimbo uleule. Mdogo wangu alikaa kimya, kisha akanyoosha kidole kwenye ukuta mtupu kati ya spika mbili, palipotundikwa picha yake ya ndoa. “Eko pale,” akasema. “Kwa picha.”

Kosa hili ni la kawaida mno, na si la homu sinema za bei nafuu peke yake. Kama nyumbani kwako besi inapungua unapowasha spika zote mbili na kuongezeka unapozima moja, usiende dukani. Tafuta betri.

Saloni ya mraba na sabufa juu ya kochi

Besi yenyewe ikabaki na tabia mbaya. Noti fulani zilinguruma hadi glasi kabatini zikagongana, nyingine zilikuwa kana kwamba mpiga besi amesinzia. Hapo kosa ni la chumba. Sauti inasafiri takriban mita 343 kwa sekunde, na kati ya kuta mbili zinazotazamana kuna noti moja inayoingia barabara, kama mtu anayepiga mbizi kwenye pipa lenye kipimo chake. Ili kuipata, gawanya 343 kwa urefu wa chumba mara mbili. Kwa mita nne unapata kama hezi 43. Uzi mnene wa besi, tulisema, ni 41. Na kwa kuwa chumba ni mraba, urefu na upana vyote viwili vinaishangilia noti hiyohiyo kwa pamoja. Chumba cha mita tano kwa nne kingegawanya ugomvi: hezi 34 huku, 43 kule. Vyumba vya mraba ni vizuri kwa kupanga meza. Kwa besi ni balaa.

Kubomoa ukuta hatuwezi. Kuhamisha sabufa tunaweza, na kuna njia ya kufanya hivyo inayochekesha lakini haidanganyi. Unaiweka sabufa juu ya kochi, mahali pa kichwa chako. Unapiga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka. Kisha unatambaa sakafuni, kwa magoti na viganja, kichwa chini, ukizunguka kuta zote. Kuna mahali utasikia kila noti ikitoka kwa kimo sawa. Hapo ndipo sabufa inapotakiwa kukaa. Mdogo wangu alitambaa, watoto wakampanda mgongoni, mama yao akatoka jikoni kuuliza kama kuna kitu kimepotea. Mahali palipatikana kando ya mlango, mita moja na nusu kutoka pembeni. Kwenye pembe kabisa, ambako ilikuwa imewekwa mwanzo, sabufa inapata nguvu ya bure kutoka kuta mbili na sakafu, na nguvu hiyo ya bure ndiyo inayonguruma.

Lile kofi la unyoya wa chuma lilitulizwa na zulia zito mbele ya spika, mapazia manene badala ya nyavu, na kabati la vitabu lililohamishiwa nyuma ya kochi. Trei za mayai ukutani, ambazo vijana wanapenda sana, zinapunguza mlio mwembamba kidogo na haziigusi besi kabisa. Zaidi ya hapo zinakaribisha mende.

Jambo moja kuhusu kuongeza besi. Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara za Bell huko Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio letu, sauti ikiwa ndogo, husikia besi hafifu kuliko sauti za kati. Ndiyo maana usiku, ukisikiliza polepole ili usiamshe watu, unaongeza sabufa. Hakuna ubaya. Ubaya ni kuisahau huko juu, na kesho yake mchana ukifungua sauti, jirani wa pili anakuja kusalimia bila tabasamu.

Ukitaka kutoa pesa sasa

Hayo yote ni bure, na kwa wengine yanatosha. Kwa anayetaka kuendelea, habari mbaya ni kwamba homu sinema ya katoni haikubali kuboreshwa kipandekipande. Soketi zake za nyuma mara nyingi ni za aina yake peke yake. Sabufa yake haina umeme wake, inategemea mashine. Na hata ukifanikiwa kuchomeka spika kubwa mbele, mashine nyingi za namna hii bado zinakata sauti nzito kabla hazijatoka, kwa kuwa hazijui kwamba umebadilisha. Umenunua chungu kikubwa, mpishi anaendelea kupakua kijiko kilekile.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni risiva kamili, yaani ampli ya njia nyingi, ile yenye menyu ya kuchagua ukubwa wa kila spika, kuweka mpaka wa sabufa kwenye hezi 80, na kuandika umbali wa kila moja hadi kwenye kochi. Zingine zinakuja na maikrofoni ya kupimia chumba: Audyssey kwenye Denon na Marantz, YPAO kwenye Yamaha, MCACC kwenye Pioneer. Ukiipima, weka maikrofoni kwenye kimo cha sikio na uzime jenereta kwanza. Faida ya risiva ni kwamba filamu na muziki vinabaki kwenye mashine moja, na spika unaziongeza pole pole.

Njia ya pili, ambayo mimi ningeichagua kwa mtu ambaye muziki ndio chakula chake, ni ampli ya stereo ya njia mbili na spika mbili nzuri, basi. Pesa ile ambayo ingegawanywa kwa spika sita inaingia kwenye mbili. Koni ya sentimita 13 au 16 inashuka yenyewe hadi chini ya sauti ya mwanaume yeyote, na mtu anarudi kuwa mzima, kifua na ulimi mahali pamoja. Televisheni nayo inaunganishwa kwa waya wa mwanga kama ampli ina tundu lake, au kwa tundu la hedifoni kama halipo. Kwenye menyu ya televisheni chagua PCM, yaani sauti isiyobanwa, vinginevyo ampli itapewa lugha isiyoijua na itakaa kimya. Sabufa inakuja mwisho kabisa, yenye umeme wake, kama utaona bado unaihitaji. Nusu ya bajeti au zaidi iende kwenye spika. Soma pia ohmu: spika ya ohmu 8 kwenye ampli inayokubali 4 haina shida, ila spika ya 4 kwenye ampli inayodai 8 itaipikia ampli moto hadi inuke.

Waya usikuhangaishe. Waya wa shaba wa umeme wa nyumba, wa milimita 1.5 au 2.5 za mraba, unatosha kwa saloni yoyote ya mitaa yetu ya Kenya au Kampemba. Sharti ni uwe shaba kweli. Huu ni mji uliozaliwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, mababu walikuwa wanaiyeyusha kuwa misalaba ya kufanyia biashara, malori yaliyojaa shaba yanapanga foleni kila siku Kasumbalesa, mpakani na Zambia, halafu sisi kwenye duka la waya tunauziwa alumini iliyopakwa shaba juu. Kwaruza ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, irudishe.

Kabla hujalaumu spika, lakini, uliza unaipa nini. CD inabeba kilobiti 1411 kwa sekunde. Wimbo uliotiwa kwenye kadi ya simu na vijana wa kando ya soko mara nyingi ni MP3 ya 128, yaani kitu kama sehemu moja kati ya kumi na moja, na pengine umeshanakiliwa na kubanwa upya mara tatu njiani. Kwenye vispika vya kiganja huoni tofauti. Kwenye spika nzuri utasikia matoazi yakichirizika kama mafuta yanayokaangwa. Wimbo wa dakika tano kwa 128 ni kama megabaiti 5, kwa 320 ni 12, na kwa FLAC, ambayo haitupi kitu, ni thelathini hivi. Kadi za siku hizi zina nafasi. Bluututhi inatosha kwa kupika na kufua. Ukikaa kusikiliza, tumia waya au flashi.

Umeme wetu

Miongozo ya ng'ambo huuruka mstari huu kwa sababu haiujui. Kwetu ampli hufa kwa umeme kabla ya uzee. Ya kwangu ya kwanza niliiua mwenyewe: mtumba mzuri, mzito, uliotengenezewa soko la Japani, ambako umeme ni voti 100. Hapa ni 220. Sikusoma kibati. Ilikohoa mara moja, ikatoa moshi mwembamba wa samawati, na transfoma ikanukia siku tatu. Zilizotoka Marekani ni za voti 120, kesi ni ileile. Zinaweza kutumika kwa transfoma ya kushushia, lakini ulize kabla, si baada.

Umeme wa jioni ukishuka na kupanda, stabilizateri, kile kifaa cha kutuliza voti, inalipa gharama yake. Kwa wanaosikiliza kwa betri na inveta, chagua inveta ya wimbi safi. Zile za wimbi la ngazi hufanya transfoma ya ampli iungurume kama nyuki, na mngurumo huo unaingia kwenye spika. Kuna dawa rahisi zaidi: ampli ndogo za daraja D zinazotumia umeme wa moja kwa moja, ule wa betri. Chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments, ambayo imejaa kwenye viboksi vya bei ndogo, inakubali hadi voti 26, na ikipewa 21 inaweza kutoa kama wati 50 kila upande kwa spika za ohmu 4. Chaja ya zamani ya kompyuta ya voti 19 inaiendesha vizuri. Usifanye kama rafiki yangu aliyeiunganisha na betri mbili za sola za voti 12. Mbili zinafanya 24, ndiyo, lakini jua likiwaka na betri zikichajiwa zinapita 28. Chipu ilidumu hadi saa tano asubuhi.

Na miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, ngurumo ya kwanza ikisikika chomoa ampli na chomoa pia waya wa antena. Radi haibagui mlango.

Mdogo wangu aliibakiza homu sinema kwa ajili ya filamu za watoto. Kwa muziki tuliamua kutafuta spika mbili za mtumba, na tukaenda pamoja na tochi, betri ile ya voti 1.5 na flashi yenye nyimbo tatu anazozijua kwa moyo. Jozi ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho, mbao nzito, nyavu nyeusi safi. Nikatoa wavu, nikagusa kwa kidole ile pete laini inayoshikilia koni. Ilivunjika kama biskuti iliyolowa. Pete za sponji huoza hivyo baada ya miaka, hata kama spika haijapigwa, na koni isiyoshikwa inakwaruza sumaku.

Jozi ya pili ilikuwa na pete za mpira. Nilisukuma koni taratibu kwa vidole vinne vilivyoachana, nikiweka sikio karibu: ikaenda na kurudi bila mkwaruzo. Tukasikiliza tweeta, vile vispika vya sauti nyembamba, moja moja, maana tweeta iliyoungua haionekani kwa macho. Muuzaji alitaka kutupigia muziki wa dansi kwa sauti kubwa. Tukamwomba aache, tukaweka flashi yetu, sauti ndogo, gitaa na mtu mmoja. Ya kushoto ilikuwa na sauti hafifu kidogo kuliko ya kulia. Tukabadilisha waya. Uhafifu ukahama upande, kwa hiyo ulikuwa wa ampli yake, si wa spika. Tulizungumza bei kwa nusu saa, na hatukumtajia hilo la ampli hadi tulipokwisha kulipa.